Chuma cha Mama Nyota na Kiti Changu

Niliwahi kuloweka mfupa wa ng'ombe ndani ya ndoo ya maji ili uvimbe.

Nalisema mwenyewe mapema, vijana, kabla hamjalisikia kwa mwingine, maana hapa Uvira bado wako wazee wanaoisimulia habari hiyo, na kila anayeisimulia anaongeza ukubwa wa ndoo. Ilikuwa ndoo ndogo. Na nilikuwa na sababu zangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji. Nilifanya kazi kwenye sali ya operesheni, chumba cha kupasulia wagonjwa: kuchemsha vyombo, kufunga plasta, na zaidi ya yote kushika mguu wa mgonjwa usiende kokote wakati daktari anaufanyia kazi. Ninyi mnaoanza leo mnadhani kushika mguu ni kazi ya mtu asiye na akili. Shikeni mmoja kwa saa mbili, halafu tuongee.

Daktari wetu alikuwa Mbelgiji mrefu mwenye shingo nyekundu. Wagonjwa walimwita Bwana Taratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno la kwanza la Kiswahili alilojifunza, akalitumia kwa kila kitu: kwa sindano, kwa supu, hata kwa mbuzi walioingia uani. Mwaka mmoja alirudi kutoka likizo ya Ulaya na kisanduku chenye kitambaa ndani, kama cha kuhifadhia kikombe cha misa. Ndani yake kililala chuma kimoja tu. Juu, kichwa cha mviringo kinachong'aa hadi unajiona pua. Chini ya kichwa, ukingo mdogo kama bega. Chini ya bega, mkia mrefu, bapa, uliopinda kidogo, wenye madirisha mawili yaliyotobolewa upande hadi upande. Pamoja nacho, tupa ya kusugulia mfupa, yenye umbo lile lile la mkia.

Kazi ya chuma kile ni hii. Mtu akivunjika shingo ya mfupa wa paja, pale juu nyongani, mara nyingi kichwa cha mfupa kinakufa na hakiungi tena. Basi unakitoa, unaweka cha chuma. Mkia unaingia ndani ya paja, penye uboho. Hakuna gundi, hakuna skrubu. Saruji ya mifupa hatukuwa tumeisikia hata jina. Mkia ushikwe na mfupa wenyewe siku ile ile, na baadaye mfupa uote kupitia yale madirisha, ukifunge chuma kama mizizi inavyofunga jiwe. Kikishika, mtu anatembea. Kikicheza, hata unene wa ukucha, mfupa hauoti, chuma kinazama, paja linauma kwa kila hatua, na mgonjwa anarudi kitandani akiwa na hali mbaya kuliko ile aliyokuja nayo.

Bwana Taratibu hakuwahi kukiweka kwa mkono wake. Alikuwa ameona wenzake wakikiweka. Tofauti ya kuona na kuweka mnaijua ninyi mliooa.

Kwa hiyo akaniambia nitafute mifupa ya mapaja ya ng'ombe, nichonge mfano wa mkia kwa mti mgumu ili chuma chenyewe kisikwaruzwe, halafu nijaribu kuutengenezea kitanda ndani ya mfupa kwa ile tupa. Ng'ombe wa Rurambo waliteremshwa kutoka milimani kuchinjwa, na mchinjaji alifurahi kunipa mifupa, akidhani nyumbani kwangu tuna mbwa wengi. Mimi nilijihesabu fundi seremala. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu ya sekondari kwa mapadri, nikajua mifupa yote ya mguu kwa Kifaransa, na Jumamosi nilitengeneza viti. Viti hivyo tutavirudia, kwa bahati mbaya.

Basi nikaanza kusugua. Tupa ile ilikula vizuri, na mtu anayesugua kitu kinachokubali hajui kuacha. Nilipotia mkia wa mti, ukaingia kama mkono ndani ya mfuko. Nikautikisa, ukalia kokoto-kokoto. Sasa kwetu, jembe likilegea kwenye mpini, mama anafanya nini? Analilaza ndani ya maji, mti unavimba, na kesho yake anakwenda shambani. Nikautia mfupa pamoja na mkia wake ndani ya ndoo.

Na uchungu wa habari hii ni kwamba ilifaulu! Kesho yake mkia haukutoka hata kwa kuvuta na meno. Nikaupeleka kwa Bwana Taratibu nikiwa na kifua mbele. "Imara kama mwamba, Bwana." Akavuta, akatikisa, akasema "Taratibu!" kwa maana ya pongezi, akauweka mfupa dirishani, kwenye jua, apate kuwaonyesha masera wote, wale watawa wauguzi.

Siku ya tatu akawaita. Akauinua mfupa juu, sehemu ya wazi ikiangalia chini, ili waone jinsi chuma kinavyoshika bila gundi. Mkia ukatoka wenyewe, polepole kama mtu anayetoka kanisani, ukaanguka juu ya kidole chake cha mguu.

"Wewe," aliniambia alipoacha kuruka, "uliweka nini?"

"Maji, Bwana."

"Maji?"

"Kama jembe, Bwana."

Aliinama akaokota ule mkia. Kisha akasema kwa Kiswahili chake, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma: "Mti inakunywa. Chuma hapana kunywa. Mufupa hapana kunywa. Mutu atakunywa nini? Atakunywa machozi."

Nilikwenda nyumbani nikijiona mdogo. Na nyumbani, ng'ambo ya uzio wangu mtaani Songo, alikaa mtu aliyekuwa akingojea chuma hicho.

Mama Nyota alikuwa mjane, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa ameteleza juu ya magamba ya samaki pale ufukoni wanapoanika, akaanguka kwa upande, na tangu siku hiyo mguu wake mmoja ukawa mfupi na unatazama nje. Miezi ilipita, mfupa haukuunga. Mwanamke aliyekuwa anafika ufukoni kabla ya mitumbwi sasa alisogea uani kwa makalio, akisukuma ardhi kwa mikono. Nilimtengenezea kiti kifupi ili asikae chini. Nilikitengeneza kwa moyo wote, na kilitikisika tangu siku ya kwanza. Nilikata mguu mmoja, kikatikisika upande mwingine. Nilipigilia kabari, ikatoka. Kila nilipopita aliniita juu ya uzio:

"Baba Riziki! Kiti yako iko nacheza rumba. Minye sina hata mupenzi wa kucheza naye."

Siku daktari alipomwambia juu ya chuma, na kwamba ni mimi nitakayesaidia, aligeuza uso kwangu. "Weye? Weye mwenye hii kiti ndiye utanitia chuma mu mufupa?"

"Ni daktari anayetia, Mama. Mimi nashika mguu."

"Ushike kweli. Chuma ikitikisika sitakwenda kushitaki kwa Muzungu. Nitakuja kwako, kwa makalio."

Nilicheka, lakini usingizi haukunijia. Chuma kilikuwa kimoja, na tupa ikishakula mfupa hakuna wa kuurudisha. Kwa Mama Nyota hapakuwa na mara ya pili.

Mwalimu wangu nilimpata mahali nisipotarajia: kitanda cha mwisho cha wodi ya wanaume. Mzee Bigirimana alikuwa mkulima wa bonde la Ruzizi aliyekuja kupasuliwa ngiri, na kwao kazi yake ya kiangazi ilikuwa kutoboa mipini na kutia majembe. Alinikuta kwenye kivuli cha ukuta nikisugua mfupa mwingine, akaja ameshika tumbo, akasimama kunitazama kama mtu anayeangalia mtoto akila udongo.

"Eka da!" alisema, yaani hapana kwa Kirundi chao. "Mwana wanje, weye unachimba kaburi ao unatia jembe?"

Nikamwambia juu ya chuma. Aliomba auone ule mkia wa mti, akaupima kwa kidole, akapima tundu langu, akatingisha kichwa. "Tundu usimalize na tupa. Acha kidogo. Hiyo kidogo, chuma atakula mwenyewe wakati wa kuingia. Ukimupa kitanda tayari, atalala na kugeuka-geuka."

"Nitajuaje kwamba imetosha?"

"Ingiza tupa, shika kichwa chake, geuza. Mpini ukibaki nyuma, bado. Mpini ukikuja pamoja naye, basi, toa mukono." Akashika mfupa wangu, akaonyesha. "Na ukipiga, funga macho, fungua masikio. Jembe ikiwa njiani inasema *du, du*. Ikifika inasema *ti*. Ukipiga tena kisha ya *ti*, mpini unapasuka, bibi analia, minye nakula njaa."

Vijana, nilisoma kwa mapadri, nikasikia madaktari wengi baada ya hapo, na katika hao wote sikupata somo fupi namna ile. Nilirudi kwa mchinjaji. Mfupa wa kwanza niliupiga baada ya *ti*, ukapasuka kutoka juu hadi katikati, nikaelewa bibi analia vipi. Mwingine nikaacha mapema mno, bega la mkia likabaki hewani bila kukalia mfupa. Baadaye mkono ukaanza kujua. Nilijifunza pia kuacha ule mfupa laini wa juu, wenye vitundu kama sega la nyuki. Hapo mwanzo nilikuwa naukwangua wote nikidhani ni uchafu. Kumbe ndio godoro linalobanwa na chuma, likibanwa linashika.

Siku moja nilimvuta Bwana Taratibu hadi kwenye kivuli kile, nikampa tupa, nikamwambia ageuze. Mfupa wote ukageuka mkononi mwake. Nikampa nyundo, nikamwambia asikilize. Alipiga, akafumba macho, na lilipofika *ti* aliyafumbua ghafla kama aliyeitwa jina. "Nani alifundisha?" Nikamwonyesha Mzee Bigirimana aliyekuwa amejilaza pale akila muhogo. Daktari akamwendea akampa mkono. Mzee alishika mkono ule, akauangalia kiganjani, akaniambia kwa sauti ambayo hakuipunguza hata kidogo: "Laini. Lakini atajifunza."

Asubuhi ya operesheni ziwa lilikuwa limetulia na joto lilianza mapema. Masera alitoa vyombo, mimi nilinawa hadi viwikoni nikasimama upande wa mguu. Mama Nyota alichomwa sindano ya mgongo, ile inayoua miguu tu na kuacha mdomo. Hilo hatukuwa tumelifikiria vya kutosha. Alikuwa nyuma ya shuka, macho yamefunguka, anasikia kila kitu.

Kichwa kilichokufa kilitoka. Daktari alikipima na kile cha chuma, vikalingana. Hapo ukikosea, kikubwa hakiingii kwenye kikombe cha nyonga na kidogo kinakitafuna. Akaanza kusugua ndani ya paja. Mfupa wa Mama Nyota haukuwa wa ng'ombe wa Rurambo. Ulikuwa umekaa miezi bila kubeba mtu, umelegea, na tupa ilishuka kwa urahisi nisioupenda.

"Baba Riziki," ikatoka sauti nyuma ya shuka, "ni nini iko nakwaruza hivi? Panya?"

"Ni sisi, Mama."

"Mukwaruze pole. Ni mufupa, si sufuria."

Daktari alitoa tupa, akatazama, akaniambia atasugua mara moja tena, chini kidogo, ili chuma kikae vizuri. Mimi nilikuwa nimeshika goti. Na wakati wa kuitoa ile tupa, alipoizungusha kidogo kuilegeza, goti lilikuwa limegeuka mkononi mwangu. Mguu wote ulikuja pamoja nayo.

Ninyi mliozaliwa baadaye hamjui maana ya mtu kama mimi kumwambia Mbelgiji *basi* mbele ya masera. Mimi ni mtu wa nyumbani, naogopa hata kubishana na mke wangu juu ya chumvi. Nikasikia sauti yangu ikisema: "Bwana Daktari, basi. Mpini umekuja."

Akasimama, tupa mkononi. Daktari akairudisha tupa ndani, akaigeuza taratibu, akiangalia goti. Goti likageuka. Akaiweka mezani.

"Basi," alisema.

Kile kichwa cha mfupa kilichotolewa hatukukitupa. Tulichagua pale palipokuwa bado pazima, tukavunja vipande vidogo kama mchele, tukavishindilia ndani ya madirisha ya mkia. Kisha chuma kikaingia, shingo yake ikitazama mbele kidogo tu, kwa mkono hadi pale mkono ulipokataa, na daktari akachukua nyundo.

*Du.*

"Muko najenga nyumba?" aliuliza Mama Nyota.

*Du. Du.* Nilifumba macho. Nilisikia jasho la daktari likidondoka juu ya gauni. *Du.* Bega la chuma lilikuwa bado na upenyo, ningeweza kuingiza ukucha. *Du.*

*Ti.*

Nyundo ilikwisha kuinuka tena. Nilishika mkono wake. Tulibaki hivyo kama watu wawili wanaopiga picha ya harusi. Kisha akainama, nami nikainama. Bega lilikuwa limekalia mfupa pande zote, hapana nafasi hata ya uzi. Hakuna ufa. Alikishika kichwa cha chuma, akakivuta, akakisukuma, akakigeuza, na mwili mzima wa Mama Nyota ukasogea juu ya meza.

"Sasa munanipeleka wapi?" akasema.

Bwana Taratibu alicheka hadi miwani ikapata ukungu. Masera naye. Mimi nilishika mguu nikalia kidogo, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa safi sikuweza kufuta.

Lakini kushika siku ya kwanza ni nusu tu. Nusu ya pili ni kungoja, na hapo ndipo wengi mnaharibu. Mfupa hauoti kwenye kitu kinachotikisika, ni kama kipande cha muhogo ulichopanda ambacho kila asubuhi unakivuta uone kama kimeota. Tulimwekea Mama Nyota sheria: kwanza kitanda, kisha magongo mawili, mguu uguse chini tu kama unagusa maji ya moto. Alitii akilalamika. Mimi kila asubuhi kabla ya kazi nilisimama kwenye uzio nikauliza swali moja: "Paja linauma?" Maana nyonga ikiuma ni kidonda, kitapona, paja likiuma katikati unapokanyaga, ni mkia unacheza ndani. Nililiogopa jibu hilo kuliko simba.

"Paja haiumi. Masikio yangu ndiyo inauma, na sauti yako."

Miezi ikapita. Siku ya kupiga radio, yaani ile picha ya mifupa, daktari aliinua karatasi nyeusi kwenye dirisha lile lile alipouweka mfupa wangu wa ndoo. Alinionyesha mahali pa kutazama: kama kuna mstari mweusi unaozunguka mkia, mfupa umekimbia chuma. Hapakuwa na mstari. Bega lilikuwa pale pale tulipoliacha. Na ndani ya madirisha mawili, palipokuwa na ule mchele wetu, palionekana kitu cheupe kimepita kutoka upande hadi upande, kama daraja.

"Imeota," nikasema.

"Imeota," akasema daktari, akanipa mkono, naye sasa kiganja chake kilikuwa na sugu. Nilimwambia kwamba Mzee Bigirimana angefurahi. Daktari alitaka kunichukua hadi hospitali kubwa ya Usumbura niwaeleze madaktari wa kule juu ya *du* na *ti*. Tuliondoka vizuri. Tulipofika Kavimvira, karibu na mpaka, nikakumbuka kwamba nyumbani kulikuwa na sombe, yaani kisamvu, na ndagala mbichi, nikashuka kwenye gari, nikarudi kwa miguu. Daktari alikwenda peke yake na picha yake. Nasikia aliwaigizia sauti mwenyewe, vibaya.

Baadaye ikaja saruji, vijana wakanicheka na tupa yangu. Sasa nasikia kuna vyuma vyenye ngozi ya kukwaruza, iliyojaa vitundu vidogo, ambavyo havitaki saruji, vinataka kubanwa na kungojwa. Nilipoambiwa hivyo niliomba kiti nikae. Madirisha yamekuwa madogo na mengi, ndiyo tofauti. Tundu bado liwe dogo kuliko chuma. Masikio bado yafunguke. Goti likija pamoja na tupa, mtoe mkono, hata kama anayesugua ni profesa.

Na siku ile ya mwisho? Ilikuwa Jumapili baada ya misa, niko mlangoni kwangu pamoja na mke wangu, majirani wanapita. Mlango wa Mama Nyota ukafunguka. Akatoka bila gongo hata moja. Kichwani alikuwa amebeba kile kiti. Alipita uani kwake, akatoka barabarani, akazunguka uzio wote, ijapokuwa palikuwa na pengo angeweza kupenya, apate kuonekana na mtaa mzima wa Songo. Miguu miwili ilikuwa sawa kwa urefu, yote inatazama mbele. Watu walipiga vigelegele. Mimi nilisimama, kifua mbele, kama siku ile ya mfupa wa ndoo, nikingoja shukrani.

Alikitua kiti mbele yangu, akakikalia. Kikalala upande wa kushoto kama siku zote. Akasema:

"Chuma muliipiga asubuhi moja, ikashika. Hii kiti umetengeneza mara ine, iko natikisika. Baba Riziki, weye bakia mu mifupa ya batu. Mbao achana nazo."